Mwito wa Tatu

...na hiyo ni mara ya pili naitwa, nimeisikia barabara, Jamba Sapalo, amesema muuguzi bila kuinua kichwa kutoka kwenye orodha yake, ya kwanza aliisema kama mtu anayesoma, ya pili kama mtu anayetafuta, na mimi nimekaa palepale kwenye dawati la watoto, magoti yamenipanda karibu na kifua, nikitazama ubaoni hesabu ambayo mwalimu wa jana hakuifuta, kumi na saba gawanya kwa mbili, nane, inabaki moja, na Kasinda ananigusa kiwiko, kaka, wamekuita, natikisa kichwa kuonyesha nimesikia, na kweli nimesikia, tatizo langu halijawahi kuwa masikio, lakini sinyanyuki, na kabla muuguzi hajavuta pumzi tena mlangoni anatokea mama mmoja na mwavuli mweusi, anataka kujua kwa nini foleni inaanzia huku wakati yeye alianzia kule, namba yako ngapi mama, namba gani mwanangu, mimi nimekuja kumchukua mtu wangu, hapa hatutoi watu mama, hapa tunachukua mate, mate? mate ya nini, mtu wangu mmemkalia miaka thelathini leo mnataka na mate yangu, na watu wanacheka kwenye madawati, hata Kasinda anacheka, amefunika mdomo kwa upindo wa kitambaa cha kichwa kama alivyokuwa akifanya utotoni, na mimi nasema moyoni bishana mama, bishana, usimwachie, kwa sababu muda wote anaobishana nawe hawezi kuniita mara ya tatu.

Mezani pa muuguzi kuna boksi la glavu, vichupa vyenye vifuniko vya buluu, na vijiti vyenye pamba nchani, unafungua mdomo, wanakusugua ndani ya shavu, basi, Kasinda alisuguliwa wiki iliyopita akasema inatekenya, lakini dada anatupa nusu ya jibu mzee, aliniambia muuguzi huyuhuyu siku hiyo, pacha wa kufanana anatupa jibu lote, kwa pacha hakuna kubahatisha, na kabla ya hapo alipokuwa anaandika jina langu alikuwa ametabasamu akauliza Jamba, na Hosi?... kama wanavyouliza wote, hakuna mtu wa nyanda zetu anayesikia Jamba asiulize Hosi yuko wapi, kwa mapacha wa kwanza kutoka ni Jamba, tembo, na wa pili ni Hosi, simba, na anayezaliwa nyuma yao ni Kasinda, msukumaji, ukitaja jina lako umekwisha taja mko wangapi, nimeulizwa na makarani, na mapadri, na Nduva, aliyekuja kuwa mke wangu, aliniuliza siku ya kwanza pale maktaba ya chuo, Jamba, na Hosi? nikamjibu yuko kwa bibi, anafuga, hapendi vitabu, akasema basi nitakutana naye akija mjini, akaandika jina langu kwenye kadi kwa mwandiko wake ule uliolala... muuguzi naye aliuliza hivyo, halafu jicho lake likashuka kwenye mstari uliofuata wa fomu, sababu ya kuja, kumtafuta ndugu, akasema samahani mzee, nikasema hapana, hujakosea.

Mifupa ilipatikana walipokuwa wanachimba mfereji wa maji ya mvua kando ya barabara kuu, mbele ya lile duka la milango ya kijani, bwana mwenye ramani alituonyesha kwa ncha ya kalamu, mita nne kutoka mlangoni, nje, upande wa barabara, mtu mmoja, mwanamume, kijana, na Kasinda akasema siyo yeye, alisema hivyo papo hapo, Hosi yuko Zambia, kuna watu walimwona Solwezi ana mke na mbuzi, mimi nataka tu mniandikie kwamba siyo yeye, na mimi nilishika ile mita nne, nikaenda nayo nyumbani, nimelala nayo na kuamka nayo, maana ninapima ardhi, ndiyo kazi yangu, mita nne ni mita nne, ndani ni ndani na nje ni nje, na sauti ile niliyoisikia vitani ilitoka ndani, dirisha la pili kutoka kona, hilo ninalijua kwa sababu ni mimi niliyelipima.

Vita havikutuuliza, vilipoanza upya mimi nilikuwa mjini na yeye alikuwa kwa bibi, hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine, aliyekutwa huku alipewa bunduki ya serikali na aliyekutwa kule alipewa bunduki ya msituni, mimi hata bunduki sikuitumia sana, sajini Kapinyala aliposikia nimesomea upimaji alinipa dira, penseli na daftari akasema haya profesa, wewe sasa ni macho ya mzinga, nikawa nalala kifudifudi kwenye nyumba iliyotobolewa ukuta, natazama ng'ambo ya barabara, nasoma namba kwenye simu ya waya, na nyuma yetu, kwenye uwanja nisiouona, watu nisiowaona walizungusha gurudumu na kudondosha kombora kwenye mdomo wa bomba, kisha unasikia tumb, na kimya, na unahesabu, umbali ule kombora lilikuwa linapanda karibu kuifikia mbingu kisha linarudi, sekunde kumi na saba, na shabaha ilikuwa mita arobaini tu kutoka tulipolala, ni karibu mno kwa mzinga, kila aliyesoma anajua, ndiyo maana namba zilitakiwa ziwe sahihi, na zilikuwa sahihi... mchana jua likiwa kali pande zote mbili zilichoka, ndipo tulipokuwa tukiongea, lugha moja, matusi yaleyale, nyie wa ng'ambo leo mmechemsha nini, tumechemsha mkanda wa afande, umeiva? unaiva, tubakizieni mchuzi, njoo uchukue na bakuli, nije mama yako akanifulie? mama yangu hafulii mbwa, na watu wanacheka huku na kule, kuta zinacheka, halafu mmoja anapiga risasi juu ya matofali ili tusisahau.

Siku ile ilikuwa karibu saa saba, sauti mpya ng'ambo, ikauliza kuna watu wa Chinguari huko, Chinguari ni kwetu, na Kapinyala akasema kimya, msijibu, na Chiteke aliyekuwa kulia kwangu akanigeukia ameduwaa, akanong'ona Jamba, mtu yule anaongea kama wewe, nikamwambia acha upuuzi, nami nilisema kweli, haikufanana na sauti yangu hata kidogo, ilikuwa nyembamba, ikitokea puani kidogo, sauti ya mtu nisiyemjua... ilinichukua miaka sita kuijua, hadi siku Nduva aliponirekodi kwenye kaseti nikimwimbia binti yetu, akaichezesha, nikauliza huyu nani, akacheka hadi akakaa chini, ni wewe, mume wangu, hujijui? hapana, hakuna anayejijua, mtu huisikia sauti yake kutoka ndani ya fuvu, na yule tuliyetoka naye tumbo moja alipozungumza kutoka nje ya fuvu langu, baada ya miaka ya kutomsikia, sikumjua, nilikaa pale kitandani na kaseti inazunguka, Nduva akaacha kucheka, akauliza nini, nikasema hakuna kitu.

Namba nilikuwa nimekwisha zituma. Hilo nalo ni kweli, dirishani pale kulikuwa na bunduki kubwa iliyotumaliza watu wawili asubuhi, namba zilitoka kabla ya sauti ile, na tumb ilipolia nyuma yetu ndipo sauti ilipoita mara ya kwanza, Jamba! nami nikalaza uso kwenye vumbi nikaanza kuhesabu, moja, mbili, Kapinyala akanishika shingo, ni mtego profesa, kila familia ina Jamba, ukiinua kichwa umekwisha, tatu, nne, tano, na kwenye sita ikaita tena, Jamba! na hapo haikuwa Kapinyala aliyenizuia, nimejidanganya hivyo kwa miaka mingi lakini leo, kwenye dawati hili, sijidanganyi, Kapinyala alikuwa amekwisha niachia ili azibe masikio yake, aliyenizuia ni bibi, bibi na kanuni yake, ukiitwa kwa jina na humwoni akuitaye ngoja, usiitike ya kwanza, usiitike ya pili, wafu huita mara mbili tu, pumzi ya mara ya tatu hawana, anayeita mara tatu ni mzima, huyo mwitikie... alitufunza hivyo tukiwa watatu jikoni pake, mimi na Hosi na Kasinda, alimpiga Kasinda kofi kwa kuitika ya kwanza, na mimi, mtu wa mwaka wa tatu wa chuo, mwenye dira na penseli, nilikuwa na sekunde kumi na moja, zinatosha kusema nipo, zinatosha kusema kimbia, na nikazitumia kungoja ya tatu, nilimwambia moyoni, ita tena, kama ni wewe unajua, bibi ni yule yule, ita tena nikujibu... saba, nane, tisa, mtu wetu upande wa kushoto akapiga kelele anakuja mmoja! anakuja mmoja! bunduki zikalia, mimi sikuinua uso, nilikuwa nimetega masikio kwa kitu kimoja tu, kumi na tano, kumi na sita, na paa la duka likaenda, dirisha la pili kutoka kona likaenda, na vumbi lilipotua Kapinyala akanipigapiga mgongoni, hesabu safi profesa, halafu akasema, umemwona yule kichaa wao? ametoka barabarani mchana kweupe, mikono mitupu.

Basi hao ni watu wawili. Hivyo ndivyo nilivyowapanga, na nimewaweka hivyo kwa miaka thelathini, mwenye sauti ndani, kichaa nje, na mwenye sauti huenda alikuwa Hosi na huenda hakuwa, lakini kichaa hakuwa, kichaa ni kichaa wa watu wengine, na mifupa iliyopatikana mita nne nje ya mlango ni ya kichaa, kwa hiyo mate yangu yatasema hapana, Kasinda ataandikiwa karatasi yake, Hosi ataendelea kufuga mbuzi Solwezi, na mimi... nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi, inatoka vilevile kila mara, na bado sinyanyuki.

Mama wa mwavuli amekubali kukaa, lakini amekaa kwenye kiti cha muuguzi, inuka mama hapo ni kwangu, nimekaa kidogo tu mwanangu miguu hii si ya jana, muuguzi anasimama na orodha yake mkononi, anatafuta kalamu, kalamu iko sikioni pake, hajaiona... Nduva angemwambia. Nduva hakuwa mtu wa kuacha mtu atafute kitu kilicho sikioni pake. Baada ya vita niliitupa ile kanuni, niliitupa hadi nikapita mpaka, alikuwa akianza tu Ja... na mimi naam, kutoka shambani, kutoka chooni, kutoka usingizini, akawa ananicheka, sijamaliza jina umekwisha itika, siku moja utamwitikia mtu asiyekuita, nikasema bora hivyo, akanitazama kwa muda, hakuuliza, miaka ishirini na sita hakuuliza, na mwezi wa Juni, baridi ile, ugonjwa umembakiza mifupa na macho, redio ikasema watu wa mifupa wamefika mji wetu, wanaotafuta ndugu zao waende, akasema nenda Jamba, nikasema niende wapi nikuache, akasema nenda kateme mate yako, nikajifanya sielewi, akasema, unajua unapolala huwa unahesabu? unafika sita, unanyamaza, halafu unafika kumi na saba, ni nini hicho kilichoko kati ya sita na kumi na saba? nikamwinua nikamgeuza ubavu, nikamnywesha togwa kijiko kwa kijiko, nikasema hakuna kitu, akasema haya, usiniambie mimi, mimi naondoka, mwambie Kasinda... na alipoondoka ilikuwa asubuhi, watu wanafagia uwanja, aliniita mara moja, nusu, Ja, nikasema naam, nikasema naam, naam, na jina halikuisha hadi leo, tangu siku hiyo hakuna aliyeniita ndani ya nyumba ile, labda ndiyo maana kanuni imerudi, nyumba ikiwa tupu vitu vya zamani hurudi kukaa.

Kaka, anasema Kasinda, ameinama karibu, ananukia karanga, amekuja na karanga za kukaanga kwenye gazeti na chupa ya togwa kana kwamba tuko safarini, kaka, unangoja ya tatu? na ninageuka kumtazama, anacheka, macho yake yamekuwa madogo, mzee mzima na mvi zako unangoja ya tatu, bibi angekusifu, ungepewa kiazi kikubwa, nasema ni mazoea tu, anasema wewe ndiye uliyekuwa mtiifu, mimi nilipigwa makofi, na Hosi ndiye aliyekuwa hafai kabisa, hata akichapwa haiti mara tatu, nasema nini? anasema humkumbuki? si alikuwa akiniita nikateke maji, Kasinda! Kasinda! basi, hapo kanyamaza, nikawa najidanganya naingoja ya tatu kama tulivyofunzwa, ghafla huyo ameshafika, amesimama nyuma yangu na fimbo, mbili zinatosha, anasema, kama huji mimi nakuja, anatafuna karanga, kama huji mimi nakuja, anarudia kwa sauti ya kiume, anaiga, na sauti anayoiga ni nyembamba, inatokea puani kidogo.

Sikujua. Ningejuaje, hakuwahi kuniita, mimi, hata siku moja, ni nani humwita mtu aliye ubavuni pake, tulikwenda mtoni pamoja, tulichunga pamoja, tulipigwa pamoja, yeye kuita alimwita Kasinda, na mimi nilikuwa upande wake wa kuume nikisikia mbili na kuona anaondoka, niliona mgongo wake mara ngapi, nisihesabu kamwe, mimi ninayehesabu kila kitu... maisha yake yote aliniita mara mbili tu, na zote mbili zilikuwa siku moja, kabla ya saa nane mchana, na baada ya ya pili hakukuwa na kitu cha kungoja, aliyekwisha anza kuja hana haja ya kuita, kutoka dirisha la pili hadi mlangoni ni hatua saba au nane, mlango, ngazi moja, kisha barabara, mita moja, mbili, anakuja mmoja! anakuja mmoja! mita tatu, mita nne, mikono mitupu, hata fimbo hakuchukua, na mimi uso kwenye vumbi nikimngoja mwenye sauti ndani ya nyumba aliyokwisha toka. Hesabu yangu haikumwua. Niliipanga miaka thelathini ili nijue kama ilimwua, na haikumwua, ilifika imechelewa, hayupo, na hilo halinipi nafuu niliyodhani litanipa, kwani neno moja tu, nipo, lingemsimamisha mlangoni au lingezisimamisha bunduki za upande wangu, sijui, sitajua, lakini hao si watu wawili, hajawahi kuwako kichaa, kulikuwa na mtu mmoja ambaye ndugu yake hakuitika, akasema kama huji mimi nakuja.

Kasinda ananitazama, ameacha kutafuna, kaka una nini, nasema sina kitu, na palepale nakumbuka nilikwisha lisema neno hilo kitandani mbele ya kaseti, na mbele ya kijiko cha togwa, nasema, ninacho, tukitoka hapa usipande gari, tutembee, anasema jua lote hili? nasema tutembee Kasinda, nina jambo lako, na ninajua njia tutakayopita, barabara kuu, mkono wa kulia, duka sasa lina milango ya chuma, nitamwonyesha dirisha na nitamwonyesha ukuta wetu, nitahesabu mbele yake kwa sauti, atasikia kwa mdomo wangu kabla hajasomewa kwa mate yangu, huenda atanipiga, huenda atakaa chini barabarani alie, huenda hatakuja tena nyumbani kwangu na karanga, na Hosi wa Solwezi na mbuzi wake nitakuwa nimemwua mimi, mara hii ni mimi kweli, lakini yule mwingine amelala mita nne nje ya mlango tangu siku ile, akielekea upande wangu, na mtu hawezi kuachwa nusu ya njia hivyo. Kasinda anasema, haya, tutatembea, na hacheki tena, mkono wake umeshuka juu ya wangu, mzito, wenye chumvi, na haunisukumi.

Muuguzi ameipata kalamu. Mama wa mwavuli amehamia dawati la mbele, ananung'unika peke yake, mate, mate, haya tutawapa mate, kumi na saba bado iko ubaoni na ile moja inayobaki, hakuna kilichosogea chumbani humu, naona kifua cha muuguzi kikijaa pumzi, naona midomo yake ikianza kuifuata herufi ya kwanza, nami nasema, Nipo. Nasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, watu wanageuka, na muuguzi amebaki na mdomo wazi, kijiti cha pamba mkononi, anasema, mzee, sijakuita bado, nasema umeniita mara mbili binti yangu, zinatosha.